Ruksa za Mezani: Ugali Umeacha, Karanga Je?

Leo naanza na neno moja tu: ruksa.

Sisi wa miaka thelathini na kitu tulizaliwa wakati Rais Ali Hassan Mwinyi yuko Ikulu, kati ya mwaka 1985 na 1995, na foleni za sukari na sabuni tumezisikia tu kwa wazazi. Lakini jina la Mzee Ruksa tumekua nalo, na alipofariki Februari 29, 2024, ndilo nililolisikia mtaani kwetu kutwa nzima. Mimi nina imani kwamba kila anayefanya dayati ana Mzee Ruksa wake mdogo anayeishi kichwani. Unapiga marufuku hiki na kile, unajisifu kwa mashoga zako, halafu jioni moja Mzee anajitokeza, anatabasamu, anasema: hiki nacho ruksa.

Ofisini kwetu mifano ipo ya kutosha. Kuna dada ameacha ugali, wali, mkate na maharage tangu Januari, ila Jumamosi asubuhi ana chapati zake mbili ambazo anaziita "za roho". Kaka mmoja wa kitengo cha mauzo hatii sukari hata kwenye chai, lakini bia ni ruksa, maana eti shayiri ikishakuwa bia si nafaka tena. Na mwingine, huyu ndiye aliyenivunja mbavu, hali wanga kabisa isipokuwa kwenye harusi. Sasa mtu huyo ni mjumbe wa kamati tatu za harusi, bado sendofu, bado kipaimara cha watoto wa ndugu. Piga hesabu mwenyewe ni Jumamosi ngapi za mwaka anakula pilau.

Dayati wanayoifuata wote watatu, kila mmoja kwa staili yake, ni ile inayoitwa paleo. Wazo lake ni rahisi: ule kama alivyokula binadamu kabla hajaanza kulima, yaani zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Nyama, samaki, mayai, mboga za majani, matunda, mbegu. Nafaka hapana, jamii ya kunde hapana, maziwa hapana, sukari ya dukani ndiyo kabisa. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Walter Voegtlin, aliandika kitabu juu ya chakula cha zama za mawe. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakalipeleka wazo hilo kwenye jarida kubwa la madaktari, New England Journal of Medicine. Kisha mwaka 2002 Loren Cordain akatoa kitabu chake, The Paleo Diet, na hapo ndipo jina likaanza kuzagaa.

Sasa sikiliza hii. Cordain mwenyewe, aliyewakataza watu mkate na maziwa, aliweka ruksa humohumo kitabuni. Anayeanza alipewa milo mitatu ya wazi kwa wiki, ale anachotaka. Akizoea, miwili. Akikomaa, mmoja. Mark Sisson naye, aliyekuja na mtindo wake wa kufanana na huo mwaka 2009, akasema ukipatia asilimia 80 usijitese kwa hizo 20, na divai kidogo na chokoleti nyeusi akavipitisha. Hata viazi vitamu vina kisa chake. Cordain mwaka 2002 aliviweka kwenye orodha ya kukwepwa pamoja na mihogo, lakini wafuasi wengi waliokuja baadaye wakavirudisha mezani na leo wanavila kama haki yao. Kwa hiyo mwenzangu, ukiona rafiki yako ana ruksa zake, usimcheke. Waasisi walimtangulia.

Na hapa kwetu wengi hata hawakuhitaji vitabu vya Wamarekani. Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, alizungumza sana juu ya sukari, wanga na kupunguza kula. Ilifika mahali mtu akikataa andazi la saa nne, wenzake wanamtania kwa jina la profesa.

Nyumbani kwangu dayati iliingia kwa karatasi ya maabara. Mume wangu alipima sukari asubuhi kabla hajala, ikasoma 6.5. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 mpaka 6.9 bado hujaitwa mgonjwa, lakini upo njiani, ikifika 7.0 na kurudia, hicho tayari ni kisukari. Mtu mwingine angesema aah, kidogo tu. Ila baba mkwe wangu alikufa kwa ugonjwa huohuo, mguu mmoja ukiwa umeshakatwa, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimfunga vidonda likizo zote za chuo. Aliirudisha ile karatasi kwenye bahasha bila kusema kitu. Usiku akatangaza: ugali basi. Mnyamwezi anaacha ugali! Mimi Mzaramo, mtani wake tangu enzi za misafara, nilitaka kucheka nikashindwa.

Miezi minne alikaa vizuri. Kilo sita zilipungua. Tatizo lilianza tulipokwenda ukweni Tabora mwezi wa Desemba.

Wanaoijua Tabora ya Desemba wataelewa. Mvua zimeshaanza, miombo imekuwa kijani, na maembe yanauzwa kwa ndoo mpaka unaona huruma. Husemwa kwamba miembe mingi kwenye ile njia ya zamani ilitokana na kokwa walizotupa watu wa misafara. Kweli au hadithi, ukifuata njia kutoka Tabora mpaka Ujiji utaiona miembe mikubwa ya umri wa mababu. Mama mkwe wangu anaishi nje kidogo ya mji, upande wa Kwihara, karibu na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Kwake hakuna cha kusubiri. Tulifika saa kumi jioni, saa kumi na moja meza imejaa.

Ugali wa mtama, umeumuliwa vizuri. Kuku wa kienyeji. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga mpaka mchuzi umekuwa mzito. Maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Pembeni sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa, halafu vikachemshwa. Na mwisho wa meza dumu la asali ya Sikonge, rangi ya chai ya rangi.

Mume wangu aliitazama meza ile kama mtu anayesoma karatasi ya mtihani. Nikamwona anahesabu. Ugali, nafaka: hapana. Nsansa ina karanga, na karanga ni jamii ya kunde: hapana. Mgando, maziwa: hapana. Kuku, ndiyo. Michembe, viazi vitamu: ruksa. Asali, chakula cha porini: ruksa. Akajipakulia kuku na kilima cha michembe, juu yake akamwaga asali vijiko vitatu, vinne, akala kwa amani kabisa.

Mama hakusema kitu mezani. Alikuja kunikuta jikoni nikisuuza vyombo. "Mkamwana," akasema taratibu, "huyu mwanangu mmemfanyaje huko Dar? Nsansa yangu anaikataa? Baba yake aliacha kula hivihivi, mwishoni."

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo nilipoona kwamba ruksa za mezani si mzaha. Kwa mama yule, mtoto anayesukuma pembeni sahani ya nsansa ni mtoto anayeanza kufa. Kwa mtoto, sahani ileile ndiyo iliyomuua baba. Na mimi katikati, nimeshika sufuria.

Usiku nikamuuliza mwenzangu: asali je, ni ruksa kwa sheria gani? Akanijibu kama wakili: "Wahadzabe wanakula." Na kweli wanakula. Wahadzabe ni watu kama 1,000 na ushee wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mashariki mwa Tabora, na baadhi yao mpaka leo wanaishi zaidi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mashabiki wa paleo duniani kote wanawatazama wao kama ushahidi unaotembea. Na watafiti wamewafuata kweli. Mwaka 2009 Julia Berbesque na Frank Marlowe walitoa matokeo ya kuwauliza Wahadzabe wapange vyakula vyao vitano kwa utamu: asali, nyama, matunda madogo ya porini, ubuyu na mizizi. Wanaume kwa wanawake, asali ilishika namba moja. Mizizi ikashika mkia. Nyama waliipenda zaidi wanaume, matunda waliyapenda zaidi wanawake. (Wenye ndoa, msijifanye mmeshangaa. Nani kwenu huagiza mishikaki na nani huagiza saladi ya matunda?)

Kwa hiyo mwenzangu alikuwa na hoja. Ila Mhadzabe anayetaka asali hafungui dumu. Anamfuata ndege anayeongoza watu kwenye mizinga, anapanda mbuyu kwa vigingi, anaumwa na nyuki, halafu anagawana na kambi nzima. Akikosa leo, amekosa. Dumu la mama mkwe lina lita tano na kijiko kipo mezani. Na asali, hata iwe safi namna gani, sehemu kubwa yake, kama asilimia 80, ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 hivi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 liliiweka asali kundi moja na sukari ya mezani, na likashauri zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ziwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Vijiko vinne vya mume wangu vilikuwa gramu 68. Kwa mlo mmoja!

Halafu hoja ya mababu nayo ina matundu. Mababu wa nani? Mababu wa mume wangu ndio waliobeba meno ya tembo na vitambaa kati ya Tabora na Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 na zaidi begani, safari ya miezi miwili mpaka mitatu kwa miguu. Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, waliukuta mji wa wafanyabiashara ambao watu wake walikuwa wakiijua njia hiyo siku nyingi. Hao wapagazi walikula nini? Walipewa posho, na posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Mtama au mahindi, chochote kilichopatikana. Nyama ilikuwa bahati ya siku ambayo bunduki imelenga vizuri. Sisi wa maofisini posho tunaipokea mpaka leo, ila kwa bahasha ya semina, na tunaibeba kwa kiti cha magurudumu. Babu alimaliza kibaba chake cha wanga kabla jua halijazama kwa sababu alitembea kilomita 20 akiwa na mzigo. Mjukuu anakula kibaba hichohicho, anatembea kutoka maegesho mpaka kwenye lifti.

Tena hata hao wa kale zaidi hawakuwa wageni wa nafaka. Mwaka 2009 mtafiti Julio Mercader alitangaza kwamba kwenye pango la Ngalue, kaskazini mwa Msumbiji, vifaa vya mawe vya miaka kama 100,000 vilikutwa na chembechembe za wanga wa mtama wa porini. Hapo jirani tu! Na maziwa je? Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wana mabadiliko ya kurithi yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani bila tumbo kusokota, na kwamba mabadiliko hayo hayana umri mkubwa, ni ya kati ya miaka 2,700 na 6,800 hivi. Miili yetu haikugoma pale kilimo kilipoanza. Iliendelea kubadilika. Wakati huohuo, viazi vitamu ambavyo mume wangu alivipa ruksa vilitoka Amerika, sawa na mahindi na karanga alizozikataa. Hakuna babu wa zama za mawe wa Unyamwezi aliyewahi kuonja mchembe.

Sikumwambia yote hayo usiku ule. Nilimwambia tu, kesho tupime.

Mashine ya kupimia sukari ilikuwa kwenye begi, kile kidude cha kutoboa kidole. Jioni ya pili alikula kama jana, michembe na asali, na baada ya saa mbili tukapima: zaidi ya 10. Kwa mtu mwenye afya saa hizo hutakiwa iwe chini ya 7.8. Jioni ya tatu mama alimpakulia ugali wa mtama kipande cha ngumi ya mkono, kuku, na nsansa ya karanga amejaza bakuli. Saa mbili baadaye: 7 na pointi. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anatazama kidude kile kama anavyotazama taarifa ya habari. "Kwa hiyo nsansa yangu haijamuua," akasema. Mume wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Siwadanganyi kwamba vipimo viwili vya sebuleni ni utafiti. Lakini sababu yake inaeleweka. Mchembe ni kiazi kilichotolewa maji, kwa hiyo kila tonge lina wanga mwingi zaidi ya kiazi kibichi, na asali juu yake ni sukari inayoingia kwenye damu mbio. Karanga zina mafuta na protini, haziinui sukari haraka, na zikiwa pamoja na majani ya kunde hata ule ugali unapanda polepole. Kitabu cha paleo kilimkataza karanga na wafuasi wake wakamruhusu kiazi. Ugonjwa anaoukimbia yeye ulitaka kinyume chake.

Na hilo ndilo ninalowauliza akina dada na akina kaka wanaoniandikia kila mwezi kuhusu dayati: uliianza kwa nini? Kama ni gauni la harusi ya Juni, ruksa zako ni zako, chapati mbili za Jumamosi hazitaua mtu. Kama ni sukari, ruksa yako ya kwanza kuichunguza ni asali na juisi ya maembe, kabla hujagombana na maharage. Kama ni presha, basi tazama chumvi kwenye hiyo nyama choma unayokula kwa fahari eti ni chakula cha mwindaji. Mwindaji gani alikuwa na kibakuli cha chumvi na pilipili pembeni?

Kuna na hili la wawili. Rafiki yangu mmoja aliwahi kukuta kwenye gari la mumewe risiti ya chipsi kuku ya saa mbili usiku, siku ambayo yeye alikuwa amekaa nyumbani akipika kabichi na samaki kwa ajili ya dayati yao ya pamoja. Alilia kama aliyekuta risiti ya gesti. Nilipomuuliza kwa nini chipsi zimliza hivyo, akasema: "Si chipsi, ni kwamba alirudi akala na kabichi yangu akaisifia." Nilimwelewa. Ruksa ya wazi inataniwa mezani na inaisha. Ruksa ya siri inahitaji uongo wa kuisindikiza, na uongo mdogo wa tumbo unazoesha ulimi.

Kwa hiyo sisi, tukiwa bado Tabora, tulichukua karatasi tukaandika. Nilimwachia yeye kalamu, maana mwili ni wake na hakuna mwanaume anayependa kuolewa na polisi. Akaandika: asali, kijiko kidogo kimoja, Jumapili. Ugali, ngumi moja, si kila siku. Karanga ndiyo. Mgando ndiyo, bila sukari. Michembe akaandika, akaikata, akaiandika tena, mwisho akaweka "vipande vitatu, nikiwa Tabora tu". Embe moja, si ndoo. Mimi nami nikaandika zangu, kwa sababu haiwezekani mmoja ahesabiwe vipande na mwingine anatafuna kashata mbele yake. Zangu sitazitaja hapa, gazeti linasomwa na mama yangu.

Pesa nayo tuliizungumza. Mtu akisema ameacha unga na sasa ni nyama asubuhi, nyama mchana, mwenye kushika pochi ya nyumba anajua maana yake. Dagaa, mayai, majani ya kunde, mlenda na uyoga wa msimu wa mvua vinafanya kazi nzuri kwa bei ya binadamu. Kwenye soko la Tabora nilikuta matunda ya porini yanauzwa kwa mafungu, ntalali nyeusi na mbula, watoto wanayagombania. Hayo nayo ni ya mababu kwelikweli na hakuna aliyeyaandikia kitabu cha kuuzwa uwanja wa ndege.

Tahadhari chache kabla sijasahau, na hizi si za kutania. Kama tayari unameza dawa za kisukari au unachoma insulini, usikate wanga wala usianze kufunga kwa kusikia kwa shoga. Sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka, kwa hiyo daktari wako apange dawa upya kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha, hali kadhalika, muulize mhudumu wa kliniki. Mwenye matatizo ya figo asijipangie nyama za kila mlo. Na asali, hata ya nyuki wadogo ambayo bibi zetu wanaiamini kwa kila kitu, usimlambishe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi.

Siku ya kuondoka mama alifunga mizigo mwenyewe usiku wa kuamkia safari, hataki kusaidiwa. Karanga debe zima, za mwanawe. Nsansa mfuko wa kilo tano, za mwanawe. Asali ametia kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, na kijiko cha chai amekifunga shingoni mwa chupa kwa uzi. Kisha akanivuta pembeni akanipa kifurushi kingine kimefungwa kwenye kanga. "Hii michembe ni yako, mkamwana," akaninong'oneza, "yule asiione." Nikaiweka chini kabisa ya begi langu. Stendi konda akapima mizigo kwa macho, akasema imezidi, akatutoza elfu kumi, na mume wangu akawa anauliza njia nzima mpaka Itigi ni kitu gani kizito namna ile kwenye begi la nguo.